Gonga Mara Moja kwa Herufi Nene

Je, umewahi kumpenda mtu kwa sababu ya namna anavyogonga meza? Usicheke. Wapo waliopenda sauti, wapo waliopenda mwendo, na yupo binti mmoja aliyependa kidole cha shahada cha mwanamume aliyekuwa akigonga meza ya mbao taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa.

Binti huyo alikuwa mwandishi wa miongozo. Si vitabu vya hadithi, bali vile vinavyokuja pamoja na programu za kompyuta, vya kumwambia mtu abonyeze wapi, aandike nini na asubiri kitokee nini. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vigae. Ngazi zake zilijaa vumbi jeupe lililotoka kwenye mashine ya kukatia, na kila aliyepanda aliacha nyayo zake mpaka mlangoni. Kazini walimwita Mwandishi. Mwanamume aliyekaa upande wa pili wa meza yake walimwita Mhakiki, kwa kuwa hakuna ukurasa uliotoka pale kabla yeye hajausoma.

Sasa, vitabu vile vina adabu yake. Neno lililo kwenye kitufe cha kubonyeza huandikwa kwa herufi nene. Neno unalotakiwa kuliandika vilevile lilivyo, bila kupunguza hata nukta, huandikwa kwa herufi za taipureta, zile zenye upana sawa kila moja na mwenzake. Na neno ambalo ni la mfano tu, ambalo hutakiwi kuliandika bali uweke la kwako mahali pake, hulazwa. Herufi zake huinama kama majani yaliyopigwa na upepo. Msomaji hata hajui kwamba ameona tofauti, lakini mkono wake unatii.

Ofisi nyingine huhakiki kwa macho tu. Wao wawili walikuwa na utaratibu wao. Mhakiki alishika karatasi iliyotoka kwenye printa akaisoma kwa sauti, na Mwandishi akashika rasimu yake akifuatilia mstari kwa mstari. Na kwa kuwa sauti haina unene wala mlalo, wakawekeana ishara. Herufi nene, gonga meza mara moja. Herufi za taipureta, gonga mara mbili upesiupesi. Herufi za mlalo, kwaruza meza kwa ukucha.

"Bonyeza," alikuwa akisoma Mhakiki, kisha ko, "Hifadhi. Halafu andika," kwaruu, "jina la mgonjwa."

"Sawa," alikuwa akijibu Mwandishi, na moyo wake umeshagonga kabla ya meza.

Mtengeneza programu wa ofisi ile, ambaye walimwita Fundi Koti kwa kuwa hakulivua koti lake hata jua likiwaka vipi, aliwachokoza kila siku. "Nyinyi mnahakiki au mnapiga ngoma? Siku ya harusi yenu hatukodi bendi. Tutawaletea meza."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwandishi hakuyaficha. Kitu kimoja tu kilimkereketa. Mwanamume huyu hakumtazama usoni. Wakizungumza, macho yake yalitua kando kidogo, kwenye sikio.

"Una nini na sikio langu?" alimwuliza siku moja wakishuka ngazi.

"Hereni zako zinaniita."

Alicheka siku hiyo. Baadaye akakaa na kuumia. Alijiambia labda ana haya, labda ana mwingine anayemtazama usoni. Kumbe masikini alikuwa anamtafuta. Kuna ugonjwa unaoanza kula jicho kuanzia katikati. Kila unachokitazama moja kwa moja kinakuwa ukungu, kikibaki cha pembeni. Ili aone uso wa mpenzi wake ilibidi autazame mlango, au dirisha, au sikio. Na hakumwambia mtu.

Hayo yalikuja kujulikana kwa njia mbaya.

Mwongozo wa rekodi za hospitali ulikuwa na ukurasa wa kuondoa wodi iliyofungwa. Uliandikwa hivi: andika neno "ondoa", kisha jina la wodi. Hapo Mwandishi aliweka neno la mfano, "wazazi", akalilaza, ili kila karani ajue kwamba ataweka jina la wodi yake iliyofungwa. Ukurasa ulipopangwa kwa ajili ya kuchapwa, mlalo ukadondoka. Neno likasimama wima kwa herufi za taipureta kama wenzake. Karani wa hospitali, mtu mtiifu, akaandika alichokiona. Rekodi za wodi ya wazazi zikafutika zote.

Manesi walizunguka kitanda hadi kitanda wakiwauliza akina mama upya: damu yako kundi gani, asubuhi ulipewa dawa ipi, sindano ulichomwa au bado. Wengine walijibu. Mmoja alikuwa na homa, hakujielewa, akapewa dawa aliyokuwa ameshapewa. Alipona, lakini kwa chupuchupu.

Bosi aliwaita wote mezani. Mwandishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, maana alikuwa na hakika.

"Neno hili tulilihakiki," alisema. "Nilisikia mkwaruzo kwa masikio yangu. Makosa yameingia baadaye."

Mhakiki akanyanyua mkono, kama mtoto darasani. "Ni kweli alisikia. Nilikwaruza. Lakini sikuona."

"Hukuona nini?" aliuliza bosi.

"Karatasi. Nina muda sasa siioni. Maneno nayapata kwa kubahatisha pembeni ya jicho, ila unene na mlalo vimenipotea kabisa." Akageuza uso wake kuelekea sikio la Mwandishi. "Nimemzoea. Najua anapolaza neno na anapolisimamisha. Nilikwaruza pale ambapo yeye angelaza. Sikujua kwamba safari hii karatasi imemsaliti."

 Fundi Koti akaangalia vifungo vya koti lake. Na Mwandishi, aliyekuwa akililia kutazamwa usoni, alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa huko kulikuwa kama kumezeshwa jiwe.

Jambo hilo lilitokea wakati siku ya Mhakiki kwenda kujitambulisha nyumbani kwa kina Mwandishi ilikuwa imeshapangwa. Mhakiki alitaka kuahirisha. Dada yake, msusi mwenye mikono mikubwa na maneno mafupi, akakataa. "Ukiahirisha mara moja utaahirisha mpaka kaburini. Vaa shati." Basi wakaenda.

Mama wa Mwandishi alikuwa mshonaji. Hata siku ya wageni futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake. Alisema akiivua anahisi yuko uchi. Cherehani ilifunikwa kwa kitambaa, chai ikawekwa, na baba mdogo, fundi wa majokofu aliyekuwa mkubwa wa familia tangu kaka yake afariki, akakaa kwenye kiti chenye mikono.

"Mwanangu," mama alianza, akimwambia Mhakiki, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Nimesikia habari ya macho. Pole sana."

"Asante, mama."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema ugonjwa ukishakula katikati utatulia. Nitabaki na pembeni."

"Pembeni." Mama alishika futi yake. "Mimi jicho langu ndilo linalonilisha. Najua thamani yake. Sikudharau, uelewe. Ungekuja na njaa ningekupa huyu binti. Ungekuja huna pa kulala ningekupa. Lakini baba yake huyu alilala kitandani miaka mingi. Nilimgeuza ubavu huu, nikamgeuza ubavu ule, nikamlisha, nikamkogesha, huku nashona usiku na mchana. Nilimpenda. Ila siku alipofariki, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulala usingizi. Sikulia. Nililala. Sitaki mwanangu aje ajione hivyo."

"Mama, kaka yangu hajalala kitandani," dada mtu aliingilia. "Anatembea, anapika, anafua. Ana kelele kuliko redio."

"Leo," alisema mama.

"Hata kesho."

"Binti yangu, na mimi nilisema hata kesho."

Baba mdogo alikohoa. "Jamani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliokaa hapa tunauona mwepesi, au tunauona mzito, lakini si sisi tutakaoubeba. Atakayeubeba ni huyu. Aulizwe." Akamgeukia Mwandishi. "Mwanangu, wewe unataka nini?"

 Mwandishi alikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa, limekaa kwenye ulimi. Lakini nikueleze kitu kuhusu kazi yake. Katika miongozo ile hakuna "mimi". Imekatazwa. Kuna bonyeza, kuna chagua, kuna hakikisha. Anayeandika hatakiwi kuonekana. Kazi yake ni kumpa mwenzake njia zote zilizopo na kukaa pembeni. Na yeye alikuwa hodari wa kazi hiyo hata alipokuwa hayuko kazini. Tangu utotoni, baba akiwa mgonjwa, aliulizwa "unataka nini" akajifunza kujibu kinachowafaa wengine.

Alimtazama mama yake. Akamtazama Mhakiki, ambaye uso wake wote ulikuwa umeelekea kwenye sikio lake, ukingoja.

"Naona," alisema, "yote mawili yanawezekana. Mkiona inafaa, sawa. Mkiona tungoje kwanza, hiyo pia ni sawa. Inategemea mnavyoona."

"Binti," alisema baba mdogo, "hapa hatununui simu."

Dada wa Mhakiki alicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akakikata.

Mhakiki hakucheka. Akasema kwa ile sauti yake ya kusomea kurasa, tulivu, bila kukwama, "Mama yuko sahihi. Mimi nitaondoka na dada. Anakaa mbali, lakini ana chumba. Sitaki kuwa sababu ya mtu kulala usingizi wa namna hiyo."

Akainuka kuaga. Akanyoosha mkono kuweka kikombe, na meza haikuwa pale alipodhani. Chai ikamwagika juu ya kitambaa kilichofunika cherehani. Mama alikimbia na tambara.

"Haidhuru, mwanangu. Haidhuru kabisa. Kaa, usihangaike, nitafuta mimi."

Alisema kwa upole wa mtu anayemhudumia mgonjwa. Mwandishi aliona jinsi upole ule ulivyomchoma Mhakiki kuliko tusi.

Walipoondoka, mama alikifua na kukianika kile kitambaa. Doa halikutoka.

*

Siku ya mwisho ya Mhakiki ofisini ilikuwa mchana wa kawaida tu. Mashine ya vigae ililia chini, ikanyamaza, ikalia tena. Bosi hakumfukuza, alimwambia maneno mazuri, akampa mkono, na hakuna aliyejua amtume kufanya nini. Mtu ambaye kazi yake ni jicho ukimwondolea jicho unampa kazi gani?

Mwandishi alimsaidia kufungasha. Kikombe, sweta, kalamu nyekundu zilizokauka. Kwenye droo ya chini, nyuma kabisa, mkono wake uligusa kioo cha kukuzia, kikubwa, chenye mpini uliofungwa utepe.

"Ulikuwa unakificha humu?"

"Nilikuwa nasubiri uende kuchukua chai ndipo nakitoa."

"Ndiyo maana ulikuwa unanituma chai kila saa. Nilidhani unapenda chai."

"Siipendi kabisa," alisema. "Nimekunywa chai nisiyoipenda mpaka tumbo limekuwa birika."

Walicheka wote wawili. Kicheko kikaisha na hakuna aliyejua wapi pa kukiweka.

"Nisomee," alisema Mhakiki. "Ule ukurasa, baada ya kusahihishwa. Leo wewe usome, mimi nisikilize."

"Wa nini tena?"

"Nataka kujua umekaa sawa kabla sijaondoka."

Akauchukua. Walikaa kama siku zote, meza katikati. Mhakiki aliweka kiganja chake juu ya mbao ili ishara zimfikie hata mkononi. Mwandishi akasoma. "Bonyeza," ko, "Wodi. Kisha andika," ko-ko, "ondoa."  Neno lililofuata lilikuwa pale, limelazwa vizuri safari hii, limeinama. Alilitamka haraka ili amalize. "Wazazi."

"Umeruka," alisema Mhakiki. "Hapo pana mlalo."

"Umejuaje? Huoni."

"Nimeshakwambia. Nakujua."

Mwandishi akakwaruza meza. Ukucha uliacha alama nyembamba kwenye mbao, kati ya alama nyingine zilizokuwepo tangu zamani, na kiganja cha Mhakiki kilikuwa karibu nayo. Hakikusogea.

"Siku ile sebuleni," Mhakiki alisema, "nilikuwa nasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza. Baba mdogo alipokuuliza, nilingoja hata mkwaruzo."

"Ulisema mama yuko sahihi kabla sijamaliza."

"Ulikuwa umemaliza. Ulisema yote mawili yanawezekana."

 Mwandishi aliinamia ile karatasi.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe ulitaka nini?"

"Mtu anayekwenda kuwa mzigo haulizwi anachotaka."

"Nani amekwambia?"

"Wodi nzima ya wazazi imeniambia. Yule mama mwenye homa ananiambia kila nikifumba macho. Ningesema mapema kwamba sioni, ukurasa ungesomwa na mwenye macho. Sikusema, kwa sababu ningesema tusingekaa tena meza hii." Alisogeza uso, akalitafuta sikio lake, akalipata. "Nilimhatarisha mtu nisiyemjua ili niendelee kukaa mbele yako. Mwanamume wa namna hiyo mama yako amemkataa, na mimi nimemkataa pia."

"Si wewe uliyelisimamisha lile neno."

"Ni mimi niliyelipitisha."

Mwandishi alitaka kumshika mkono. Aliuangalia tu. Unajua wewe, kuna mikono ambayo ukiishika wakati mbaya inakuwa kama unamshika mwenyewe ili umvushe barabara, na hakutaka mara yake ya mwisho ya kumshika iwe hiyo.

Honi ikalia chini. Dada mtu alikuwa amefika.

Fundi Koti alitokea mlangoni, akachukua boksi bila kuombwa. "Twende, shemeji." Akasikia alichokisema. Akashika koti lake kifuani. "Samahani. Twende, Mhakiki."

"Haidhuru," alisema Mhakiki, kwa sauti ileile aliyoambiwa yeye nyumbani kwa mshonaji. Na Mwandishi alipoisikia sauti hiyo mdomoni mwa Mhakiki aliona kwamba ameshaanza kuwa mgonjwa, si kwa sababu ya macho, bali kwa sababu kila mtu ameanza kumfutia chai.

Alishuka ngazi akiwa amegusa ukuta kwa vidole. Mwandishi alibaki juu, ameshika karatasi. Alizisikia hatua zake zikienda polepole, zikisita mahali ngazi inapopinda. Hapo zikasimama.

"Bado uko hapo juu?" sauti ikauliza.

"Nipo."

Ikanyamaza, kama iliyongoja. Kisha hatua zikaendelea, mlango wa chini ukafunguka, kelele za mashine zikaingia na mlango ukafungwa.

Mwandishi alirudi mezani. Aliweka karatasi chini, akainyoosha, kama vile kuna mtu wa kuja kuisoma. Aliweka kidole juu ya mbao na hakugonga. Nani wa kugongewa? Kesho wangemletea mhakiki mwingine mwenye macho mazima, ambaye angesoma kilichopo kwenye karatasi tu, na hilo ndilo linalotakiwa, na lingekuwa sahihi kila siku, na hakuna ambaye angejua tena mahali ambapo yeye angelaza neno.

Alishuka zile ngazi kwa kukimbia. Nyayo za Mhakiki zilikuwa zimechoreka kwenye vumbi, zikiufuata ukuta mpaka chini, na yeye akazivuruga zote.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Dada mtu alimwona kwanza, akaondoa mkono kwenye gia. Fundi Koti alikuwa anafunga buti. Akaliacha wazi, akaenda kusimama mbele ya vigae akavitazama kama mtu anayejenga. Mhakiki alikaa mbele, kioo kimeshushwa, anaangalia moja kwa moja barabarani, yaani haangalii kitu.

"Ni mimi," alisema Mwandishi.

"Najua. Unahema kama umefukuzwa."

"Usinijibu. Nikijibiwa nitaanza tena kukupa njia mbili." Alishika mlango wa gari pale kioo kilipoingilia. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la ukuta. Mhakiki aligeuza uso, akalitafuta sikio, na safari hii Mwandishi alijua anatazamwa. "Mama hajabadilika. Pengine habadiliki. Na yule mama wa hospitali utamkumbuka maisha yako yote, sina namna ya kukuondolea. Lakini niliulizwa pale sebuleni, mbele yako, nikakaa na jibu mdomoni. Nilitaka kusema nakutaka wewe. Sio ukipona. Sio wakikubali. Nilitaka unioe na macho hayohayo, unitazame pembeni mpaka tuzeeke. Mimi, ndicho nilichokitaka, na ndicho ninachokitaka hapa nilipo."